MaikroRNA na Lupasi ya Utotoni: Damu ya Mtoto wa Moshi Isomwe kwa Kipimo Gani?

Swali la kwanza la ndugu wa mtoto aliyeambiwa ana lupasi huwa si la dawa wala la gharama. Huwa ni la ukoo. Wanataka kujua ugonjwa umetoka upande gani. Mimi ni mtu wa maabara hapa Moshi, kazi yangu ni vichupa na mashine na si wodi, lakini swali hilo hunifikia pia, kwa kuwa wengi huamini kwamba anayeipima damu anawaona ndani yake na waliomrithisha mtoto. Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake kutoka Rombo aliniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, kwetu hajawahi kutokea mtu wa kuumwa hivi, hebu angalia vizuri kama hili si la kwa baba yake." Nikamwambia, "Bibi, kipimo hiki hakisemi hayo," na foleni ikaendelea. Jibu lenyewe ni refu kuliko nafasi ya dirisha la maabara, na sehemu yake kubwa inapitia kwenye molekuli fupi sana iitwayo maikroRNA, ambayo watafiti wa lupasi ya watoto wameifuatilia kwa miaka zaidi ya kumi sasa.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kushambulia ngozi, viungo, seli za damu, utando wa moyo na wa mapafu, ubongo, na zaidi ya vyote figo. Kati ya wagonjwa 100, takribani 10 hadi 20 huanza kuugua kabla ya kutimiza miaka 18, wengi wao wakikaribia au wakiwa katika kubalehe. Kabla ya miaka 5 ni nadra kiasi kwamba daktari akiikuta hulazimika kutafuta kasoro ya jeni moja mahususi. Wanaoanza utotoni huumwa vikali zaidi kuliko watu wazima na figo zao huguswa mara nyingi zaidi. Kwenye ngozi nyeusi ule wekundu wa mashavuni unaoelezwa vitabuni huonekana kama weusi au uzambarau, kwa hiyo hupita bila kutiliwa maanani, hasa kwa mtoto anayeshinda juani. Ukiongeza homa isiyoisha, maumivu ya viungo, upungufu wa damu na uchovu, utaelewa kwa nini mtoto huyo hupimwa malaria, taifodi na selimundu, na pengine kutibiwa baridi yabisi ya moyo, kabla ya mtu yeyote kulitamka neno lupasi.

Urithi una uzito wake, na sitaki kuonekana ninaukana. Utafiti wa mapacha uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulionyesha kwamba pacha mmoja akiwa na lupasi, mwenzake wa kufanana naye kabisa aliugua katika jozi 24 kwa kila 100, ilhali kwa mapacha wasiofanana ilikuwa jozi 2 tu kwa 100. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa bila jeni. Lakini takwimu hizo hizo zikisomwa kwa upande wa pili zinasema kwamba karibu watu watatu kati ya wanne waliokuwa na jeni zilezile za mgonjwa hawakuugua. Wapo watoto wachache ambao jeni moja iliyoharibika inatosha kuleta ugonjwa: wanaokosa protini ya C1q, ambayo husaidia kuondoa mabaki ya seli zilizokufa, ni mfano wa siku nyingi, na mwaka 2022 kundi la Carola Vinuesa lilieleza habari ya msichana wa Hispania ambaye herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya TLR7 ilimfanya augue tangu utotoni. Watoto wa namna hiyo wametufundisha mengi kuhusu njia za ugonjwa. Kwa walio wengi, hata hivyo, ukizisoma jeni zao moja moja hutakuta iliyovunjika. Utakachokuta ni jeni nzima zinazofanya kazi kupita kiasi, na nyingine zinazofanya kazi chini ya kiasi.

Karibu kila seli ya mtoto, iwe ya ngozi au ya figo, imebeba jeni zilezile zipatazo 20,000 za kutengenezea protini, na kinachoitofautisha seli moja na nyingine ni jeni zipi zimeamshwa, kwa kiwango gani na kwa muda gani. Jeni inapoamshwa hunakiliwa na kuwa RNA mjumbe, nakala hiyo hutoka kwenye kiini cha seli, na kutokana nayo protini hutengenezwa. Kati ya nakala na protini kuna nafasi, na hapo ndipo maikroRNA zinapofanyia kazi. Aliyekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro akakuta mifongo, yaani mifereji ya jadi, bado inatumika atanielewa upesi: chemchemi ni ileile, lakini mwenye zamu huziba mlango wa mfereji kwa vigogo vya migomba na udongo mpaka maji yanayofika shambani yawe ya kutosha bila kufurika. MaikroRNA haziigusi chemchemi, maana jeni inabaki ilivyo. Zinapunguza kile kinachofika shambani.

Ziligunduliwa ndani ya mnyoo. Mwaka 1993 Victor Ambros, pamoja na Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum, waligundua kwamba jeni ya lin-4 ya mnyoo mdogo wa udongoni, C. elegans, ambaye urefu wake ni takribani milimita 1, haitengenezi protini yoyote bali kipande cha RNA chenye herufi 22 hivi. Gary Ruvkun, akifanya kazi katika maabara nyingine, akaonyesha kwamba kipande hicho kinashikana na sehemu ya mwisho ya RNA mjumbe ya jeni nyingine, lin-14, na kuizuia isizae protini. Kwa miaka saba wengi waliona ni jambo la ajabu la minyoo tu, hadi mwaka 2000 ilipogunduliwa let-7, ambayo ipo kwa wanyama wengi akiwemo binadamu. Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2024, miaka 31 baada ya makala zao. Nawakumbusha vijana wa maabara jambo hilo kila wanapodharau kazi inayofanywa kwa wadudu na minyoo.

Namna zinavyotengenezwa inafaa kuelezwa, kwa sababu kila hatua ni mahali ambapo jambo linaweza kwenda mrama. Kwanza hunakiliwa RNA ndefu iliyojikunja, kisha kimeng'enya kiitwacho Drosha huikata ndani ya kiini na kuacha kipande cha herufi 70 hivi. Kipande hicho husafirishwa nje ya kiini, na kimeng'enya cha pili, Dicer, hukikata tena mpaka zibaki takribani herufi 22. Uzi mmoja hushikwa na protini ya Argonaute, na kwa pamoja hutafuta RNA mjumbe inayolingana nao. Cha muhimu ni kwamba ulinganifu unaohitajika ni wa herufi chache tu, hasa ya pili hadi ya nane, na kwa sababu hiyo maikroRNA moja inaweza kugusa mamia ya RNA mjumbe, na RNA mjumbe moja ikaguswa na maikroRNA nyingi. Upunguzaji wenyewe kwa kawaida ni mdogo. Mtu anayetarajia maikroRNA izime jeni kabisa atavunjika moyo. Nguvu yake iko katika kupunguza kidogo mahali pengi kwa wakati mmoja, na katika kinga ya mwili kidogo hicho kina maana kubwa.

Jeni zinazofurika katika lupasi zilionekana wazi mwaka 2003, na kwa sehemu kubwa zilionekana kwa watoto. Kundi la Dallas, Marekani, lililomhusisha Virginia Pascual na Jacques Banchereau lilipima maelfu ya jeni kwa pamoja katika damu ya watoto wenye lupasi, na kundi lingine huko Minnesota likafanya kazi inayofanana kwa watu wazima. Wote walikuta jeni nyingi zinazoamshwa na intaferoni zikiwa zimeamka kwa pamoja. Intaferoni ni protini ambazo seli hutoa kuzionya seli jirani kwamba virusi vimeingia. Mtoto mwenye lupasi damu yake huonekana kama ya mtu anayepigana na virusi, ilhali virusi havionekani. Kundi la Dallas liligundua pia kwamba kwa watoto waliopewa steroidi, dawa za kutuliza kinga, kwa dozi kubwa za mshipani, alama hiyo ya intaferoni ilizimika. Naomba msomaji alishike hilo la steroidi, maana litatusumbua hapo chini.

Intaferoni hiyo hutoka wapi bila virusi? Mwaka 2011 maabara ya Pascual ilionyesha kwamba nyutrofili (aina ya seli nyeupe za damu) za watoto wenye lupasi, zikikutana na kingamwili za ugonjwa huo, hufa kwa kumwaga nje nyuzi za DNA yao zilizochanganyika na protini. Seli fulani za kinga huzipokea nyuzi hizo, kipokezi kiitwacho TLR9 ndani yake huzidhania kuwa ni za mvamizi, na intaferoni humwagwa kwa wingi. TLR7, ile ya msichana wa Hispania, hufanya kazi hiyohiyo kwa RNA. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, na kwa wasichana baadhi ya seli za kinga huisoma kutoka kwenye kromosomu X zote mbili, jambo ambalo huenda linachangia kuwafanya wao wawe wengi zaidi kwenye kliniki za lupasi.

Sasa tuje kwa miR-146a, ambayo kwangu ndiyo inayoelezeka vizuri kuliko zote. Mwaka 2006 maabara ya David Baltimore huko California ilionyesha kwamba seli ya kinga inapoamshwa na kijidudu, kiwango cha miR-146a hupanda, na ikishapanda hupunguza protini za TRAF6 na IRAK1, ambazo ndizo zilizopeleka taarifa ya kuamka. Kuamka kwenyewe, kwa maneno mengine, huzaa kitu cha kutuliza kuamka huko. Mwaka 2009 kundi la Nan Shen la Shanghai lilipima seli nyeupe za wagonjwa wa lupasi na kukuta miR-146a iko chini kuliko kwa watu wenye afya, na kadiri ilivyokuwa chini ndivyo ugonjwa ulivyokuwa mkali na alama ya intaferoni kuwa kubwa. Walionyesha pia kwamba miR-146a inazigusa protini nyingine mbili za njia ya intaferoni, IRF5 na STAT1, na walipoirudisha ndani ya seli za wagonjwa kwenye sahani za maabara, jeni za intaferoni zilipungua. Miaka miwili baadaye ilichapishwa taarifa ya tofauti ndogo ya kurithi, iliyoonekana kwa watu wa Asia, katika sehemu ya DNA inayoamsha jeni ya miR-146a: wenye tofauti hiyo huitengeneza kwa uchache zaidi.

Hapo swali la ukoo linapata sura yake halisi. Kinachoweza kurithiwa mara nyingi si ugonjwa uliokamilika, bali ni udhaifu mdogo katika kitu kinachopunguza kazi ya jeni nyingine, na udhaifu huo unaweza kukaa kimya kwa vizazi kadhaa mpaka ukutane na udhaifu wa upande wa pili, jua kali, maambukizi, au mabadiliko ya kubalehe. Kwa hiyo ndugu wa baba na ndugu wa mama wanaweza wote kusema kweli kwamba kwao hakuna aliyewahi kuumwa hivyo, na mtoto akaugua bado.

Habari ya miR-155 ina utata zaidi, na waandishi wengi huipitia haraka kuliko inavyostahili. Katika panya wenye ugonjwa unaofanana na lupasi, kuiondoa miR-155 hupunguza kingamwili zinazoshambulia mwili, na mtu angetarajia kwamba kwa wagonjwa itakuwa juu. Watafiti wa Cairo, waliochapisha kazi yao mwaka 2015 kuhusu watoto na vijana wenye lupasi, walikuta kinyume: katika seli nyeupe za watoto hao miR-155 ilikuwa chini, na protini ya PP2A, ambayo huzuia seli za T (aina ya seli nyeupe za kinga) kutengeneza interlukini-2, protini ya kuwasiliana kwa seli za kinga, ilikuwa juu. Walipoiongeza miR-155 kwenye seli hizo, PP2A ilishuka na interlukini-2 ikapanda. Naipenda kazi hiyo, kwanza kwa sababu inahusu watoto wa bara letu, pili kwa sababu inaonyesha hatari ya kuchukua matokeo ya panya, au ya watu wazima, au ya aina moja ya seli, na kumvika mtoto kama sare ya shule.

Ipo njia nyingine ambayo maikroRNA huingilia kazi ya jeni kwa mbali. DNA ya seli huwekewa alama ndogo za metili zinazozituliza baadhi ya jeni, na kimeng'enya kinachozihifadhi alama hizo kila seli inapogawanyika huitwa DNMT1. Katika seli za T za wagonjwa wa lupasi alama hizo ni pungufu, na mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba miR-21 na miR-148a, ambazo ziko juu katika seli hizo, huchangia kwa kupunguza DNMT1. Jambo hili lina mwangwi kwenye duka la dawa: haidralazini, inayotumika kushusha shinikizo la damu, inajulikana kwa kuleta hali inayofanana na lupasi kwa baadhi ya wanaoitumia muda mrefu, na mojawapo ya maelezo yanayokubalika ni kwamba hudhoofisha alama hizohizo za metili. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo imo katika orodha ya dawa zinazoweza kuleta hali hiyo, na katika mkoa ambao kifua kikuu hakijatuacha ni vizuri kuikumbuka.

Baada ya hayo naomba niingie kwenye eneo langu, yaani kichupa. Makala nyingi huandika kwamba damu ilichukuliwa na RNA ikatolewa, kana kwamba kati ya mambo hayo mawili hakuna kitu. Damu ya mtoto huchukuliwa kwa sindano nyembamba kwenye mshipa mdogo, mara nyingi mtoto analia na kuvuta mkono. Mchukuaji akivuta bomba kwa nguvu, au akaisukuma damu kupitia kwenye sindano hiyohiyo kuingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau badala ya kuitoa sindano kwanza, seli nyekundu hupasuka. Unaijua damu hiyo ukishaizungusha kwenye mashine: plazima, yaani majimaji ya damu, inayopaswa kuwa ya njano iliyopauka hutokea ya waridi. Kwa anayepima maikroRNA za plazima, huo ni msiba, kwa kuwa seli nyekundu zimejaa miR-451a na miR-16, na kupasuka kidogo tu kunatosha kuzipandisha. Ubaya ni kwamba tafiti kadhaa zimeitumia miR-16 kama mizania ya kulinganishia nyingine zote. Mizania ikipanda, nyingine zote zitaonekana zimeshuka, na mtu ataandika makala kuhusu ugonjwa ilhali amepima ustadi wa mchukua damu.

RNA mjumbe nazo zina shida yao. Damu ikikaa saa kadhaa kwenye joto la kawaida, seli nyeupe huendelea kuishi humo ndani na kubadilisha jeni zinazofanya kazi, kwa hiyo kinachopimwa jioni si kilichokuwa ndani ya mtoto asubuhi. Fikiria sampuli iliyochukuliwa kwenye zahanati ya juu mlimani, ikasubiri gari hadi mchana, ikafika mjini umeme umekatika. Vipo vichupa vyenye dawa ya kuituliza RNA papo hapo, lakini ni ghali, na kwa muda mrefu huhitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta ya uhakika. MaikroRNA zilizo kwenye plazima ni ngumu zaidi kuharibika, kwa sababu zimeshikwa na Argonaute au zimefungwa kwenye vifuko vidogo vya mafuta, na ndiyo sababu naamini kwa mazingira yetu zina nafasi nzuri kuliko RNA mjumbe, mradi mchukua damu afundishwe kwanza.

Hata sampuli ikiwa safi, kuisoma ni kazi nyingine. Damu ni mchanganyiko wa seli, na prednisoloni, mojawapo ya steroidi, huongeza nyutrofili na kupunguza limfosaiti, seli nyeupe za aina nyingine. Nyutrofili zina miR-223 kwa wingi, na limfosaiti zilizoamshwa zina miR-155. Mtoto aliyeanzishiwa prednisoloni wiki iliyopita ataonyesha mabadiliko ya maikroRNA hata kama ndani ya kila seli hakuna kilichobadilika, kwa kuwa idadi ya seli zenyewe imebadilika. Na ile alama ya intaferoni, kama watoto wa Dallas walivyoonyesha, huenda imeshazimwa na dawa. Watoto wengi wanaofika hospitali kubwa za Moshi na Arusha wameshapewa steroidi mahali fulani, wakati mwingine kwa jina la dawa ya mzio au ya viungo.

Kisha kuna maambukizi, na hili ndilo linalonifanya nishike kalamu. Mwaka 2010 kundi la Anne O'Garra lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa London na Afrika Kusini ulioonyesha kwamba kifua kikuu kinachoendelea nacho huacha alama ya jeni za intaferoni katika damu, hasa ndani ya nyutrofili. Vimelea vya malaria navyo huamsha intaferoni, na virusi ndiyo kazi yao. Alama ambayo kule Dallas inamtenganisha mtoto mwenye lupasi na mwenzake wa afya, hapa inaweza kumtenganisha mtoto mgonjwa na asiye mgonjwa bila kusema anaumwa nini. Kumlinganisha mtoto mwenye lupasi wa Moshi na mtoto mwenye afya wa Moshi hakutoshi. Inapasa alinganishwe na mwenye malaria, mwenye kifua kikuu, mwenye selimundu na mwenye homa ya virusi, kwa kuwa hao ndio anaochanganywa nao kwenye benchi la kusubiria.

Kwa sababu hiyo, mzazi yeyote asikubali kuuziwa kipimo cha maikroRNA kwa ajili ya kutambua lupasi. Hakuna kipimo cha namna hiyo ndani ya vigezo vya kuutambua au kuuainisha ugonjwa, vikiwemo vile vya EULAR na ACR (vyama vya madaktari wa magonjwa ya viungo vya Ulaya na Marekani) vya mwaka 2019, ambavyo huanza na ANA, kipimo cha kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, ya angalau 1:80 na kisha kuhesabu alama za viungo mbalimbali. Kijiti cha mkojo kinachoonyesha protini, shinikizo la damu lililopimwa kwa mkanda unaolingana na mkono wa mtoto, picha kamili ya damu na kreatinini vinaweza kuokoa figo mwezi huu. Dawa ya haidroksiklorokwini, isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku pamoja na kukaguliwa macho, huzuia kazi ya TLR7 na TLR9, yaani ile njia yote ya intaferoni niliyoieleza, kwa bei ambayo dawa mpya hazijaikaribia.

Dawa hizo mpya zipo. Belimumabu ilikubaliwa Marekani mwaka 2019 kwa watoto kuanzia miaka 5, na anifrolumabu, inayoziba kipokezi cha intaferoni, ilikubaliwa mwaka 2021 kwa watu wazima. Katika majaribio yake wagonjwa walipangwa kwa kupima jeni nne tu za intaferoni, na waliokuwa na alama ya juu ndio walionufaika zaidi. Kwa maikroRNA zenyewe kama dawa, ningeshauri subira. Jaribio la dawa iliyoiga miR-34 kwa wagonjwa wa saratani lilisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya madhara makali ya kinga, na mtoto mwenye lupasi ana kinga ambayo tayari haishikiki.

Kazi ninayotamani ifanyike kanda hii ni ya polepole. Mwaka 2016 kundi la Dallas lilichapisha matokeo ya watoto 158 waliofuatiliwa kwa hadi miaka minne, kila mmoja akilinganishwa na yeye mwenyewe kipindi anaumwa na kipindi ametulia. Walikuta kwamba alama ya seli zinazotengeneza kingamwili ndiyo iliyofuatana vizuri zaidi na ukali wa ugonjwa, na kwamba jeni za nyutrofili zilipanda kadiri figo zilivyokuwa zinaingia matatani. Mpango wa aina hiyo hauhitaji watoto wengi kwa siku moja. Unahitaji watoto walewale warudi kliniki, nauli yao ifikiriwe, seli zao zihesabiwe kila mara, na wauguzi wa zahanati wapewe vichupa viwili vya akiba na maelekezo ya kuvijaza kabla mtoto hajameza kidonge cha kwanza cha prednisoloni.